Si Kila Uvimbe ni Busha

Kwetu Pangani mtoto wa kiume hukua akiliona busha kama anavyouona mnazi: ni kitu kilichokuwapo kabla yake, wala hakimshangazi. Babu yangu mzaa mama alikuwa nalo. Alivaa kanzu pana, akaketi barazani kwa namna yake, na sisi wajukuu, kwa kuwa babu ni mtani, tulimtania nalo naye akacheka. Hakuna aliyemwuliza kama linamwuma. Tulijua jambo moja tu, kwamba mwanamume akivimba huko ni busha, na busha haliui mtu.

Naanza na babu kwa sababu ni barazani pake nilikojifunza kosa ambalo nusura limzike mpwa wangu.

Ndugu msomaji, maneno ya leo yanahusu korodani. Liko neno jingine ambalo kila mtu analijua, na vijana hulitaja vijiweni mchana kutwa. Lakini ukurasa huu husomwa na bibi pamoja na wajukuu zake, nami ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo naomba nibaki na hili. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka 31. Moyo niliuchora ubaoni kwa chaki nyekundu, mapafu kwa chaki ya buluu, na hata wageni kutoka wilayani waliwahi kuisifu michoro yangu. Nilipofikia sura ya uzazi nilikuwa nikisema, "Hii mtaisoma wenyewe nyumbani." Nyumbani hawakuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwangu.

Mwaka 2021 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na umri wa miaka 23. Alikaa kwangu, akiendesha bodaboda mchana na kudaka mpira jioni katika timu ya mtaa. Mwezi wa Aprili alipigwa na mpira langoni. Usiku alipojishika akasikia kitu upande wa kulia, kigumu, mfano wa punje ya choroko, wala hakimwumi. Akajiambia kuwa ni ule mpira. Wiki zikapita, choroko ikawa karanga.

Nasimulia kama aliyekuwapo ndani ya moyo wake, ilhali haya yote nilikuja kuambiwa baadaye. Niliyoyaona mwenyewe ni haya: alibadili namna ya kukaa juu ya pikipiki, akawa anaegemea upande. Zamani alioga baharini na wenzake jua linapotua, wakijirusha kutoka katika ngalawa. Sasa akawa anangoja giza, anachota ndoo moja, anafunga mlango wa bafu. Niliyaona yote, na nilidhani kijana kapata mchumba, ndiyo maana amekuwa mtu wa haya.

Mwezi wa Agosti alinijia barazani. Alinipa shikamoo ya pili siku hiyo hiyo, nikajua ana neno.

"Mjomba, upande mmoja umevimba."

"Unauma?"

"Hauumi. Mzito tu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Busha hilo, baba. La babu limekufuata. Hakuna mke atakayekukimbia kwa hilo." Naye akacheka, maana mjomba amecheka. Kicheko hicho nimekisikia tena usiku mwingi tangu siku ile.

Hata hivyo hakuridhika, na katika hilo alinizidi akili. Alikwenda katika zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja. Hakuambiwa avue nguo. Aliulizwa amelala na nani, kisha akaandikiwa vidonge vya ugonjwa wa zinaa vya siku 14. Alipoona havimsaidii, rafiki zake wakampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto, ambaye alitaka kupatoboa "maji yatoke". Kilichomwokoa ni kwamba mganga alidai kuku mweusi asiye na doa, na kuku wa namna hiyo msimu ule aliuzwa kwa bei ya mbuzi. Mwezi wa Novemba mgongo ukaanza kumwuma, chini kabisa, usiku. Sote tulilaumu mashimo ya barabarani.

Desemba dada yangu alikuja kutoka Muheza kwa ajili ya maziko ya jirani. Sikumbuki ni nani aliyelitaja jambo lile mbele yake, labda ni mke wangu. Nakumbuka kwamba dada alikuwa akimenya muhogo, akakiweka kisu chini.

"Upande gani?"

"Wa kulia," nikajibu.

"Wa kulia ndio uliochelewa kushuka."

Ndipo tukaambiwa jambo ambalo mama huyo alilibeba peke yake kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtoto alipozaliwa mfuko wake ulikuwa na korodani moja. Ya pili ilibaki juu kinenani, hata alipofikisha miaka sita ndipo akafanyiwa operesheni ya kuishusha. Dada hakuwahi kutwambia, kwani nani angemwuliza? Kijana mwenyewe alikuwa na kovu dogo ambalo alidhani ni la ngiri.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu wanivumilie hapa, kwa sababu hili ni lao kabla halijawa la vijana. Mtoto wa kiume anapoogeshwa, mama aangalie kama korodani zote mbili zimeshuka. Mara nyingi ile iliyochelewa hushuka yenyewe katika miezi ya mwanzo. Akifikisha miezi sita bado haijashuka, yafaa apelekwe kwa daktari, na operesheni ifanywe mapema, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Korodani iliyokawia juu huwa na hatari zaidi ya kuingiwa na saratani mtu akiwa kijana. Kuishusha mapema hupunguza hatari hiyo, japo hakuiondoi yote. Kadhalika mtu ambaye baba yake au ndugu yake amepata kuugua ugonjwa huu anapaswa kuwa macho zaidi ya wengine.

Siku ya pili tulikuwa Tanga mjini, hospitalini. Daktari alikuwa binti mdogo, makamo ya wanafunzi wangu wa mwisho. Mpwa wangu akanitazama kana kwamba nitamwokoa. Yule binti akavaa glavu, akamwambia, "Kaka yangu, mimi leo ni daktari. Vua." Akafunga pazia, akazima taa, akamulika pale kwa kurunzi ndogo. Baadaye alinieleza, na ningependa kila mtu wa pwani aelezwe alivyonieleza. Busha ni maji yaliyoizunguka korodani. Huku kwetu aghalabu huletwa na minyoo isambazwayo na mbu, ile ile iletayo matende, ambayo tangu mwaka 2000, kampeni ilipoanzia kisiwani Mafia, Serikali imekuwa ikigawa vidonge vya kuizuia. Ukilimulika busha gizani, mwanga hupenya, nalo huwaka wekundu kama kandili. Nyama ngumu haipitishi mwanga. Kwa mpwa wangu kurunzi iligonga ukuta.

Lakini hata kurunzi haikumtosha. Alisema maji huweza kujikusanya kuizunguka saratani yenyewe, mtu akaona mwanga akatulia, kumbe adui yumo ndani ya maji. Kwa hiyo alimpeleka kwenye kipimo cha ultrasaundi, kisha damu ikatolewa, kwa sababu uvimbe wa namna hii mara nyingi humwaga katika damu vitu vinavyoweza kupimwa. Majibu yalipokuja hakuzunguka: ni saratani ya korodani ya kulia, na yale maumivu ya mgongo hayakuwa ya barabara. Ugonjwa ulikuwa umepanda hadi kwenye tezi zilizo nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo.

Usiku ule katika nyumba ya wageni sikulala. Nilimkumbuka mwenzetu mmoja wa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka 1979. Tulikuwa tukioga mtoni pamoja, vijana arobaini, na kila mmoja aliuona uvimbe wake. Tulimwita Bwana Mzigo. Alikuwa hodari wa jembe, mwimbaji wa mchakamchaka, naye alilipokea jina lile kwa tabasamu. Kabla ya mwisho wa mafunzo akaanza kukohoa na kukonda, akarudishwa kwao, na mwaka 1980 tukasikia amefariki. Wengine walisema kifua, wengine walisema karogwa. Siwezi kuapa kwamba najua kilichomwua. Nasema tu kwamba vijana arobaini walimwona kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Ndugu, hebu kaonane na daktari."

Na katika miaka ile ile dawa ilikuwa imekwisha kupatikana duniani. Mwaka 1965 mtaalamu Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria, kwa vyuma vya platinamu, akaona bakteria wale wameacha kugawanyika. Alichokuwa akikitafuta ni kingine kabisa. Kutokana na platinamu hiyo ikapatikana dawa iitwayo sisplatini. Mwaka 1974 Dakta Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuichanganya na dawa nyingine mbili kwa vijana ambao saratani ya korodani ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakisubiri kifo tu, na wengi wakapona. Mwaka 1978 dawa hiyo iliruhusiwa rasmi nchini Marekani. Leo, palipo na matibabu kamili, zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 hupona. Ni chache saratani zinazosikia dawa namna hiyo.

Mpwa wangu alipasuliwa mwezi wa Januari 2022. Nilishangaa kuona kidonda kiko kinenani wala si kwenye mfuko. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba ndiyo kanuni: korodani yenye ugonjwa hutolewa kwa njia ya juu, kwa sababu kuuchana au kuuchoma mfuko kwaweza kuifungulia saratani njia mpya ya kutorokea. Nikamkumbuka yule mganga na sindano yake, nikashika ukuta.

Usiku wa kuamkia operesheni aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Aprili, na ambalo ndilo lililomfunga mdomo kuliko woga wa kifo.

"Mjomba, nikibaki na moja nitakuwa mwanamume?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiruka sura ile. Nilitoka nikamtafuta muuguzi wa zamu, mzee mwenzangu, akaja akaketi kitandani akamjibu bila kupepesa macho: korodani moja nzima yatosha kutunza sauti, ndevu, nguvu na uzazi, dawa zitakazofuata huweza kuidhoofisha mbegu kwa muda, pengine kwa muda mrefu, na jambo hilo lazima aliulize kwa daktari kabla hazijaanza. Alisema yote hayo kwa dakika tano. Miaka 31 nilizikosa dakika tano.

Matibabu ya dawa aliyapata Dar es Salaam, Ocean Road, mizunguko mitatu, kila mmoja wa wiki tatu. Sitaki kuyapamba. Alitapika, akanyonyoka nywele hata nyusi, akatundikiwa chupa za maji mfululizo kwa kuwa dawa ile ni kali kwa figo. Pikipiki tuliiuza. Mwezi wa Mei kipimo cha damu kilikuwa safi, na tezi za tumboni zilikuwa zimenywea.

Alikuwa nyumbani, nywele zikianza kuota laini kama za mtoto mchanga, redio ilipotangaza mwezi wa Julai 2022 kwamba Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast aliyekuwa ndiyo kwanza kasajiliwa na Borussia Dortmund ya Ujerumani, amekutwa na uvimbe katika korodani. Alikuwa na miaka 28. Mpwa wangu aliongeza sauti hadi majirani wakachungulia. Tangu siku ile alimfuatilia Haller kama mtu afuatiliaye habari za ndugu aliye safarini: operesheni mbili, mizunguko minne ya dawa, kisha Januari 2023 akarudi uwanjani, na tarehe 4 Februari, siku ambayo dunia huadhimisha vita dhidi ya saratani, akafunga goli lake la kwanza katika ligi ya Ujerumani akiwa na timu hiyo.

Fainali ya Mataifa ya Afrika, Februari 2024, tuliitazama katika vile vibanda ambavyo vijana huviita kibanda umiza, ingawa mimi magoti yangu hayapendi viti vyake. Timu yetu ilikuwa imekwisha kutolewa katika makundi. Mechi ilianza saa tano za usiku kwa saa zetu. Nijeria wakatangulia, Ivory Coast wakasawazisha, na dakika ya 81 Haller akanyoosha mguu akaugusa mpira ukaingia. Kibanda kizima kiliruka. Mpwa wangu hakuruka. Alikuwa ameziba uso kwa kofia yake.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya zamani, niifundishe ile sura.

Saratani hii ni nadra. Katika saratani zote za wanaume duniani ni kama moja kwa mia. Wazungu huipata zaidi, hasa wa Norwe na Denmaki, na watu weusi huipata kwa uchache. Lakini tofauti na nyingi, haingoji mtu azeeke. Humfuata akiwa kati ya miaka 15 na 40 hivi, katika umri ambao kijana hajui njia ya hospitali ila kwa kwenda kumtazama mgonjwa. Hailetwi na mpira, wala kiti cha pikipiki, wala zinaa, wala jicho la mtu. Mpira ule wa Aprili ulimfanya mpwa wangu ajishike tu, na laiti tungekuwa na busara tungeushukuru.

Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, kwa kuwa joto huulegeza mfuko, kijana asimame atulie. Aishike korodani moja kwa mikono miwili, vidole nyuma na gumba mbele, aizungushe taratibu pasipo kuiminya. Ataikuta laini na ya mviringo, mfano wa yai lililochemshwa likamenywa. Nyuma yake ataukuta mrija laini uliojikunja. Hiyo ni njia ya mbegu, na hapo ndipo wengi hushtuka bure. Kisha aende kwa ya pili. Anachokitafuta ni kitu kigeni: kivimbe kigumu hata kikiwa kama punje ya mchele, ugumu usiokuwapo mwezi uliopita, uzito, ukubwa uliobadilika. Asingoje maumivu, kwa sababu mara nyingi hayaji. Yakija ghafla, makali, hasa kwa mvulana, hilo ni jambo jingine la haraka zaidi: huenda korodani imejisokota na damu imekatika, na hapo hazihesabiwi siku, zinahesabiwa saa. Zikipita sita hivi huenda isiokolewe. Aamshwe mwenye gari usiku huo huo.

Ni haki niseme kwamba wataalamu hawakubaliani wote. Mwaka 2011 jopo moja la Marekani lilikataa kupendekeza uchunguzi huu kwa wasio na dalili, kwa hoja kwamba ugonjwa ni nadra, unatibika hata ukichelewa, na wengi watatiwa hofu bure. Nimeisoma hoja hiyo kwa heshima. Lakini iliandikiwa nchi ambako hospitali iko karibu na kijana aliyeona uvimbe. Huku kwetu kati ya kijana na hospitali yuko mganga na kuku wake, na yuko mjomba na kicheko chake.

Mpwa wangu alioa mwaka 2024. Mambo ya watoto tumewaachia wenyewe. Bado hurudi kupimwa kila anapoitwa. Mwezi wa Desemba mwaka ule niliomba dakika kumi baada ya mazoezi ya timu yao, nikasimama mbele ya vijana waliojaa jasho nikalitaja neno korodani kwa sauti ya darasani. Walianguka chini kwa kucheka. Golikipa wao akasimama kando yangu akasema, "Mimi ninayo moja," nao wakanyamaza hata tukasikia mawimbi.

Usiku, nikiwa nimekwisha kufunga dirisha, nikasikia hodi ndogo. Alikuwa mmoja wao, wa miaka 17 hivi, amesimama gizani mbali na taa.

"Shikamoo babu. Ya kushoto kuning'inia chini kuliko ya kulia, ni ugonjwa?"

"Marahaba. Kuna chochote kigumu?"

"Hakuna."

"Basi ni hivyo tulivyoumbwa wengi."

Alishukuru, akaondoka akikimbia.